Fumbo na Chombo: Kejeli ya Kisiasa nchini Kenya kutoka Karatasi hadi Simu

Utangulizi

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Methali hii hunukuliwa mara kwa mara katika tahakiki za ushairi wa Kiswahili, na aghalabu hunukuliwa kana kwamba inahusu watu wawili tu: afumbaye na afumbiwaye. Mmoja anaficha maana, mwingine anaifichua au anashindwa. Hata hivyo, fumbo halimfikii msikilizaji lenyewe. Hupelekwa na kitu: sauti ya malenga, waraka uliopigwa chapa kwa siri, ukurasa wa gazeti, jina la leso, kanda ya kaseti, na katika miaka ya karibuni simu ya mkononi. Kitu hicho ndicho kinachoitwa chombo katika makala haya.

Neno chombo lina upana unaofaa sana kwa mjadala huu. Chombo ni jahazi linalovusha watu na mali. Vyombo vya habari ni vyombo, na vyombo vya dola ni vyombo vilevile. Lugha yenyewe imeziweka pamoja shughuli tatu ambazo wahakiki wamezoea kuzitenganisha, yaani kusafirisha, kusema na kutawala.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba chombo si mfereji mtupu unaopitisha maneno bila kuyagusa. Chombo huamua ni nani anayefichwa na ni nani anayeanikwa. Katika fumbo la jadi, msemaji alijificha nyuma ya maneno yake. Katika kejeli iliyoenea nchini Kenya kwa njia ya simu kati ya 2023 na 2025, maana iko wazi kwa kila mtu, mlengwa anajulikana na wote, na anayeanikwa ni msemaji. Mageuzi hayo yanadai kwamba dhana ya fumbo iangaliwe upya. Yanadai pia kwamba mhakiki ajichunguze namna anavyokusanya data yake, jambo litakalorejelewa mwishoni.

Fumbo kama mkataba

Wapo wanaolichukulia fumbo kuwa pambo la fani, kitu cha kumpa msomaji raha ya kufumbua. Mtazamo huo una ukweli, lakini ni ukweli nusu. Historia ya ushairi wa Mombasa inaonyesha kwamba fumbo limekuwa pia mkataba wa usalama. Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, alitunga wakati watawala wa Kimazrui wa Mombasa waliposhindana na Seyyid Said wa Omani na Zanzibar. Mashairi yake yalizungumzia vita, fitina na usaliti kwa tamathali zilizoeleweka na wenyeji, na yalihifadhiwa katika kumbukumbu za watu kabla ya kukusanywa baada ya kifo chake. Mohamed H. Abdulaziz, katika chapisho lake la 1979, aliyaita mashairi hayo ushairi wa umma. Kauli hiyo ni muhimu. Umma ulikuwa mshirika katika fumbo: ulielewa, ukacheka, ukakariri, na haukuhitaji kuulizwa maana na mtu wa nje.

Mkataba wa fumbo, basi, una pande tatu. Msemaji anaahidi kusema jambo la kweli. Hadhira inaahidi kulielewa bila kulitangaza. Mlengwa, naye, anaachiwa nafasi ya kujifanya hakuelewa. Upande huu wa tatu haujapewa uzito unaostahili. Fumbo humpa msemaji kisingizio, na humpa hata mtawala kisingizio cha kutoadhibu. Mtawala anayekasirikia shairi kuhusu mamba hukiri mbele ya watu kwamba yeye ndiye mamba.

Hakuna mfano ulio dhahiri zaidi katika fasihi ya Kenya kuliko kazi za Abdilatif Abdalla. Mwaka wa 1968, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Waraka huo ulikuwa wa nathari, ulisema mambo waziwazi kuhusu mwelekeo wa serikali ya wakati huo, na haukubeba jina la mwandishi. Mwandishi alipojulikana alishtakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa kifungo cha miezi kumi na minane ambacho kiliongezwa hadi miaka mitatu baada ya serikali kukata rufani. Alikuwa gerezani kuanzia 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga humo yalichapishwa mwaka wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka wa 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Kinaya cha tuzo hiyo kimetajwa na wengi. Kisichotajwa sana ni funzo lake la kinadharia. Katika Kenya: Twendapi? maana ilikuwa wazi na jina likafichwa. Katika Sauti ya Dhiki jina liliwekwa wazi kwenye jalada, na katika mashairi kama vile "Mamba" na "Mnazi: Vuta N'kuvute" maana ikasitiriwa kwa jazanda ya mnyama na ya mti. Hizi ni mbinu mbili zilizo kinyume, lakini kila moja imehifadhi sitara moja. Msemaji anayefichua maana hulificha jina. Anayelifichua jina huisitiri maana. Ilipovunjika sitara ya kwanza, jela ilifuata. Ilipodumu sitara ya pili, hata tuzo iliwezekana.

Swali linalozuka ni hili: inakuwaje pale ambapo jina na maana vyote viwili viko wazi kwa wakati mmoja? Hiyo ndiyo hali ya kejeli ya simu.

Kutoka karatasi hadi simu

Sheria ya uchochezi iliyotumiwa dhidi ya waandishi wa vizazi vilivyotangulia iliondolewa katika mageuzi ya 1997. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza na kuutaja kwa jina uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Kwa hivyo mtu angetarajia kwamba haja ya fumbo ingepungua. Kwa kiasi fulani imepungua. Wachekeshaji wa Redykyulass walimwigiza rais aliyekuwa madarakani mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuonyeshwa katika runinga, jambo ambalo miaka kumi kabla yake lisingefikirika. Wimbo wa Eric Wainaina kuhusu nchi ya kitu kidogo, uliotoka mwaka wa 2001, uliikemea hongo kwa jina lake la mtaani.

Hata hivyo, mwaka wa 2018 ilipitishwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Sheria hii haikuandikwa kwa ajili ya fasihi. Lakini kwa kuwa sehemu kubwa ya maneno ya umma sasa hupita katika kompyuta na simu, sheria inayohusu chombo imekuwa, kwa vitendo, sheria inayohusu usemi. Mwezi Mei 2025 mbunifu mmoja wa programu alikamatwa, kisha akashtakiwa chini ya sheria hiyo, kwa sababu alitengeneza programu iliyowawezesha raia kutuma pingamizi zao dhidi ya Mswada wa Fedha wa mwaka huo kwa baruapepe. Mwezi Juni 2025 mahakama iliitupilia mbali kesi hiyo kwa kuwa mashtaka hayakuonyesha kosa. La kuzingatiwa ni kwamba mshtakiwa hakutunga shairi wala kumtukana mtu. Alichokiunda ni chombo. Mamlaka ilitambua kile ambacho nadharia ya fasihi imechelewa kukitambua, kwamba anayeunda njia ya kusemea ni sehemu ya usemi.

Muktadha mkuu wa kejeli inayojadiliwa hapa ni Mswada wa Fedha wa 2024, uliokusudia kuongeza mapato ya serikali kwa takriban shilingi bilioni 346. Miongoni mwa mapendekezo yake ya awali ni ushuru wa asilimia 16 juu ya mkate na ushuru wa asilimia 2.5 juu ya magari; hayo mawili yaliondolewa kabla ya kura ya mwisho. Vijana waliufafanua mswada huo kwa video fupi katika Kiswahili, Sheng na lugha nyingine za Kenya, na palizuka hata programu ya akili unde iliyojibu maswali ya raia kuhusu vifungu vyake. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge liliupitisha mswada na waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge. Siku iliyofuata rais alitangaza kwamba hangeutia sahihi. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imetaja vifo vya watu 39. Uchambuzi wowote wa kejeli ya kipindi hicho sharti uikumbuke idadi hiyo, kwa maana kicheko kilichoenea katika simu kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa wakizika.

Zakayo na salamu

Lakabu iliyotawala kejeli ya kipindi hicho ni Zakayo, aliyopewa Rais William Ruto tangu mijadala ya ushuru ya 2023. Katika maandamano lakabu hiyo iligeuzwa kuwa mwito: "Zakayo, shuka!" Mwito huu wa maneno mawili unastahili uchambuzi sawa na ule unaopewa ubeti wa shairi.

Kwanza, mwito huu umejengwa juu ya mwingiliano matini. Injili ya Luka, sura ya 19, inasimulia juu ya mkuu wa watoza ushuru, tajiri na mfupi wa kimo, aliyepanda mkuyu ili amwone Yesu, naye akaambiwa ashuke. Nchini Kenya, ambako wengi wamekisikia kisa hicho tangu utotoni, hakuna aliyehitaji ufafanuzi. Pili, kitenzi kushuka kina maana zaidi ya moja. Kushuka mtini ni tendo la mwili. Kushuka madarakani ni tendo la kisiasa. Na katika matatu, anayeambiwa ashuke amefika mwisho wa safari yake. Tatu, mwito huu unamchukua mtawala aliyejinasibisha mara kwa mara na imani ya Kikristo na kumjibu kwa kitabu kilekile.

Je, hili ni fumbo? Kwa kigezo cha methali, la, kwa sababu hapana mjinga wa kufumbiwa. Mlengwa mwenyewe amewahi kulitaja jina hilo hadharani kwa mzaha. Ile nafasi ya kujifanya hakuelewa, ambayo fumbo la jadi lilimwachia mtawala, haipo tena; mahali pake pana nafasi nyingine, ya kucheka pamoja na wanaomcheka. Kazi ya jazanda hapa si kuficha. Kazi yake ni kukusanya. Inawapa watu wa makabila na matabaka mbalimbali neno moja la kutamka kwa pamoja, neno lisilotoka katika lugha ya kabila lolote. Harakati iliyojitangaza kuwa haina kabila ilihitaji jazanda isiyo na kabila, na ikaipata katika Biblia.

Mfano wa pili ni matumizi ya kitenzi kusalimia. Namba za simu za wabunge zilisambazwa na raia wakahimizwa "kuwasalimia", yaani kuwapigia na kuwatumia ujumbe wa kupinga mswada kwa wingi hadi simu zao zikazidiwa. Katika utamaduni wa Waswahili salamu ni alama ya adabu: mdogo humwamkia mkubwa, na kutosalimia ni kuvunja uhusiano. Kinaya cha matumizi haya kimo katika kwamba ghadhabu ilivaa vazi la adabu. Lakini haki inadai lisemwe pia kwamba kuianika namba ya mtu ni silaha isiyochagua mkono. Mbinu ileile ya kumtoa mtu kwenye faragha yake ndiyo iliyokuja kutumiwa dhidi ya vijana wenyewe, na kwa nguvu zilizo kubwa zaidi.

Wimbo usiosema na wimbo wa taifa

Mwishoni mwa 2024 ilizuka lakabu nyingine, Kasongo, iliyotokana na wimbo wa Orchestra Super Mazembe, bendi yenye asili ya Kongo iliyofanya makao yake Nairobi katika miaka ya 1970. Maneno ya wimbo ni ya Kilingala, na yanahusu mke anayemlilia mumewe asiyekuwapo. Wengi wa waliolikumbatia jina hilo hawaijui Kilingala, na wengi walizaliwa miongo miwili au zaidi baada ya wimbo kurekodiwa. Jina lilifanya kazi kwa sauti yake, kwa mwangwi wa kiitikio, na kwa ucheshi wa kumwita mkuu wa nchi kwa jina la mtu wa dansi la zamani. Vivyo hivyo wimbo wa Wadagliz, "Anguka Nayo", uliokuwa wa kucheza tu, uligeuzwa mwaka wa 2024 kuwa wimbo wa maandamano bila mtunzi kubadilisha neno lolote.

Katika mifano hii miwili maana haikutoka kwa mtunzi. Ilitiwa na hadhira, na chombo kikaieneza kwa saa chache. Mhakiki aliyezoea kutafuta dhamira ya mwandishi hataipata hapa, na iwapo ataishikilia njia hiyo ataishia kusema kwamba nyimbo hizo hazina siasa. Siasa yake imo katika matumizi.

Mfano wa kushtua kuliko yote haukuhitaji simu hata kidogo. Mwezi Aprili 2025 wanafunzi wa shule ya upili ya wasichana ya Butere walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama kuigiza mchezo uitwao Echoes of War, ulioandikwa na mwanasiasa Cleophas Malala. Mchezo ulikuwa umezuiwa, na Mahakama Kuu ikaamuru uruhusiwe. Siku ya maonyesho mwandishi alikuwa amekamatwa na ukumbi haukuwa na hadhira. Wanafunzi waliuimba wimbo wa taifa, kisha wakaondoka, huku nje polisi wakirusha vitoa machozi.

Wimbo wa taifa ni matini ya dola. Hakuna afisa anayeweza kuupiga marufuku, na kila asikiaye hupaswa kusimama wima. Lahani yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, na maneno yake ni dua ya kuomba haki na amani. Kwa kuuimba mahali pa mchezo uliozuiwa, wasichana hao walirejesha fumbo katika umbo lake kamili la jadi: maneno yasiyoweza kushtakiwa, maana isiyoweza kukosewa, na hadhira, ijapokuwa haikuwemo ukumbini, iliyoelewa bila kuelezwa. Mtawala alirudishiwa kisingizio chake, na kwa hilo tu alishindwa. Tukio hilo linathibitisha kwamba fumbo halijafa kwa sababu ya uhuru wa kikatiba. Limebaki kuwa kimbilio la wasio na ngao nyingine.

Msemaji anayeanikwa

Jambo hilo la ngao ndilo kiini cha mjadala. Mwezi Desemba 2024 vijana kadhaa walitekwa nyara baada ya kusambaza picha za kejeli za rais, nyingine zikiwa zimechorwa kama vivuli vyeusi visivyo na sura, nyingine zikiwa zimetengenezwa kwa akili unde. Mwezi huohuo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitaja visa 82 vya utekaji nyara tangu Juni 2024. Baadhi ya waliotekwa Desemba waliachiliwa mapema Januari 2025.

Kivuli kisicho na sura ni fumbo la kuchorwa. Mchoraji hakuandika jina. Aliacha umbo lijitambulishe. Katika mantiki ya fumbo la jadi, angekuwa salama, kwa kuwa anayekasirika hukiri kwamba kivuli ni chake. Kwa nini basi mkataba haukumlinda? Jibu liko katika chombo. Waraka wa 1968 ulipita kwenye mikono, na kila mkono ulikuwa na hiari ya kusema au kunyamaza. Simu haina hiari hiyo. Hurekodi saa, mahali na namba, na kumbukumbu hizo ziko mikononi mwa kampuni na, kwa njia halali au haramu, huweza kufika mikononi mwa dola. Jina la bandia analojipa mtumiaji wa mtandao huwaficha wasomaji wenzake jina lake, lakini halikifichi chombo. Ule upande wa pili wa mkataba, ahadi ya hadhira kuelewa bila kutangaza, umevunjwa na msikilizaji asiyeweza kutunza siri.

Kwa hivyo pande za fumbo si tatu tena bali nne: msemaji, mlengwa, hadhira na chombo. Chombo cha nne kinakumbuka kila kitu na hakijui kicheko. Nadharia ya fumbo isiyokihesabu itaendelea kueleza uzuri wa maneno huku ikishindwa kueleza kwa nini mwenye maneno hakurudi nyumbani.

Upungufu wa kejeli hii

Kutetea haki ya kejeli si kuisamehe upungufu wake. Kisa cha Zakayo hakiishii mtini. Alishuka, akamkaribisha mgeni, akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Mwito wa maandamano ulichukua kitenzi kimoja na kuiacha nusu iliyobaki, na nusu hiyo ndiyo yenye hoja ya kiuchumi: malipo, ugawaji upya, na kurejeshwa kwa kilichoporwa. Kejeli iliyomlenga mtoza ushuru haikusema vya kutosha juu ya madeni ya umma wala masharti ya wakopeshaji, ambayo yalikuwapo kabla ya mtawala huyo na hayatashuka pamoja naye. Lakabu humpata mtu. Mfumo hauna jina la utani.

Hapa ndipo riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi, iliyotoka mwaka wa 1995, inapokuwa na la kufundisha. Mkangi alikuwa mhadhiri wa sosholojia aliyewekwa kizuizini mwaka wa 1986. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa kufa kwa kutiwa katika chombo cha angani na kurushwa mbali na dunia yake. Badala ya kuangamia, anafaulu kukiongoza chombo hicho, na kinamfikisha Walenisi, jamii ya usawa ambayo jina lake, likikatwa vizuri, linasomeka "wale ni sisi". Jina hilo ni fumbo, nacho chombo ni teknolojia ya mauaji iliyoundwa na dola. Riwaya inavifanya viwili hivyo vitegemeane: hafiki kwenye maana ya jina ila aliyejifunza kukiendesha chombo.

Wapo waliomlaumu Mkangi kwa kuchora jamii kamilifu mno, na lawama hiyo ina msingi. Walakini riwaya yake haipotezi muda kumtania mtawala mmoja. Inauliza mali ni ya nani, kazi ni ya nani, na elimu ya kuendesha mitambo iko mikononi mwa nani. Maswali hayo matatu ndiyo yanayokosekana katika sehemu kubwa ya kejeli ya simu. Watumiaji wake ni hodari wa kukisemea chombo wasichokimiliki. Kile ambacho ubunifu wa programu ya pingamizi ulikidokeza mwaka wa 2025, na kile ambacho Dzombo alikifanya katika riwaya miaka thelathini kabla yake, ni jambo moja: kujifunza usukani.

Hitimisho: wajibu wa mhakiki

Imedaiwa katika baadhi ya vikao vya kitaaluma kwamba lakabu, picha za kejeli na nyimbo za kuchezwa hazistahili kuingizwa katika silabasi ya fasihi kwa kuwa ni fupi, zimechanganya Sheng, na zinasahaulika haraka. Madai hayo yanasahau kwamba mashairi ya Muyaka nayo yalikuwa maneno ya mitaani kabla ya kuwa mtihani. Kinachostahili kujadiliwa ni jinsi ya kuyasoma, si kama yasomwe.

Hoja ya chombo inaleta wajibu mmoja mzito kwa wanafunzi wa uzamili na wasimamizi wao. Mazoea ya utafiti yanataka kila mfano uambatane na chanzo chake: jina la akaunti, tarehe, saa, na picha ya skrini katika kiambatisho cha tasnifu. Kwa kazi iliyochapishwa na kutiwa sahihi, mazoea hayo ni uaminifu wa kitaaluma. Kwa kejeli ya raia asiye na ulinzi, ni kuwaandalia wanaomtafuta faili iliyopangwa vizuri. Mtunzi akiufuta ujumbe wake kwa hofu, tasnifu huendelea kuuhifadhi katika rafu ya maktaba pamoja na jina lake. Mtafiti kwa namna hiyo anajiunga na upande wa nne wa mkataba, ule unaokumbuka bila kujali.

Inapendekezwa kwa hivyo kwamba idara za fasihi zikusanye matini hizi mapema, kabla hazijapotea, lakini zihifadhi maneno na kuyaondoa majina. Zieleze mahali na wakati kwa upana unaotosha uchambuzi bila kumtambulisha mtu. Na wasimamizi wakubali kwamba mfano usio na jina la mwenyewe unaweza kuwa ushahidi halali. Waliomkariri Muyaka katika mitaa ya Mombasa walijua la kuhifadhi na la kunyamazia, wala hawakuwa na shahada. Walioandika tasnifu juu yao hawana udhuru wa kujua pungufu ya hapo.